Gundi Kwenye Dirisha la Mkaguzi

Mama mkwe wangu hakuogopa kupasuliwa jicho kama alivyoogopa asubuhi ya kesho yake, pale kitambaa kitakapotolewa. Wiki nzima kabla ya siku yenyewe alikuwa anatupangia jinsi itakavyokuwa. Daktari alisema tukitoe wenyewe nyumbani saa mbili asubuhi, tumtie matone, halafu mchana tumrudishe akamkague. Mama akasikiliza, akaitikia, kisha akaongeza masharti yake.

"Mtanikalisha kwenye kiti changu, mbele ya dirisha langu. Macho nitayafumba. Mkishatoa hayo madude, mtu asiniulize kitu, wala asinioneshe vidole akisema hivi ni vingapi, mimi si mtoto wa chekechea. Nitafumbua mwenyewe, nitasoma kibao cha kinyozi. Nikikisoma, nimepona. Nisipokisoma, msije mkanibembeleza."

"Na ukisoma nusu?" aliuliza wifi yangu, binti yake, ambaye hawezi kuacha utani hata msibani.

"Nusu utasoma wewe. Shule nilikupeleka nzima, ukarudi na nusu."

Kibao chenyewe kiko ng'ambo ya barabara, juu ya mlango wa bluu. Kimeandikwa kwa brashi, mistari mitatu. Juu, kwa herufi kubwa: KINYOZI WA KISASA. Katikati: NYWELE, NDEVU, RANGI. Chini kabisa, kwa herufi ndogo zilizobanana: WATOTO WANAOLIA WALETWE MAPEMA. Mama ni fundi cherehani, na kwa zaidi ya miaka ishirini ameshonea mbele ya dirisha hilo. Kila asubuhi, kabla hajaweka mguu kwenye pedeli, alikuwa anainua kichwa na kukisoma kibao chote, kwa mazoea tu, kama mtu anayemsalimia jirani. Ndiyo maana alijua mapema, kuliko sisi sote, kwamba macho yanamwacha. Kwanza walipotea watoto wanaolia. Mwaka uliofuata zikaenda nywele, ndevu na rangi, zote kwa pamoja. Mwishoni alibaki kinyozi peke yake, naye Mama alisema hamsomi, anamkumbuka.

Mtoto wa jicho, daktari alisema. Macho yote mawili, la kulia limekomaa zaidi, ndilo litakaloanza.

Mimi ndiye niliyemsukuma mpaka akakubali. Lazima niseme hilo, maana bila hilo mtu hataelewa kwa nini siku ile nilisugua vioo vya dirisha lake kama niliyepagawa. Ninasoma darasa la jioni, nilipoolewa shule niliiacha njiani, nikairudia baada ya kumzaa binti yangu. Jioni moja mwalimu wa sayansi alichora jicho ubaoni, akatuonesha lenzi, akasema lenzi ikiingia ukungu hutolewa ikawekwa nyingine safi, na mtu akarudi nyumbani siku hiyohiyo. Nilichora ule mchoro kwenye daftari kwa uangalifu kuliko mchoro wowote maishani, nikaupeleka nyumbani mbio. Mama alicheka.

"Umesoma mihula miwili, tayari unataka kunikata jicho?"

Kuna mteja wake mmoja aliyemwambia jicho likishaguswa na chuma halirudi. Nilibishana na maneno ya mteja huyo miezi saba. Nilibishana nikimenya viazi, nikimtungia uzi kwenye sindano, nikimkatia kucha. Siku aliyokubali aliniambia, "Haya. Lakini nikitoka kipofu, wewe ndiye utakayenisomea kile kibao kila asubuhi mpaka nizikwe." Alisema akicheka. Mimi nilicheka kwa mdomo tu, moyo haukucheka.

Sasa hilo dirisha. Mtoto wa jicho alipokomaa, jua la asubuhi likawa linamuumiza. Alisema mwanga unamtawanyikia machoni kama unga uliomwagika. Mume wangu, kwa huruma ya mtoto kwa mama yake, akaliziba dirisha lote kwa karatasi za kaki. Angetumia gundi ya watoto ya shuleni, au hata ugali, nisingekuwa na hadithi. Lakini mume wangu ni mpakiaji kwenye ghala la mashine, na watu wa ghala wana selotepu yao: pana kama kiganja, rangi ya kahawia, ile ya kufungia maboksi yanayobeba pampu na jenereta. Alileta vipande vya mwisho vya roli, akazungusha kila kioo pande nne, kisha akapiga msalaba katikati. Alipomaliza alirudi nyuma kulitazama dirisha kama mtu aliyejenga daraja.

"Hata upepo wa kimbunga hauzitoi," alisema.

Selotepu ilikaa hapo miezi minane, ikipigwa na jua kila siku.

Asubuhi ya upasuaji mume wangu na wifi walimchukua Mama mapema. Tulikubaliana watarudi saa kumi jioni. Mimi nilibaki na binti yangu wa miaka minne, ambaye kwa jinsi anavyosema bila kituo tunamwita Chiriku, na tulibaki na vioo sita, vitatu juu, vitatu chini. Cha katikati, safu ya chini, ndicho kinachotazamana sawasawa na kiti cha Mama na kibao cha kinyozi.

Karatasi zilitoka kwa dakika tano. Nikafurahi. Kisha nikashika ncha ya selotepu nikavuta, ule utando wa kahawia ukabanduka, gundi ikabaki yote kiooni. Jua lilikuwa limeipika. Ilikaa pale kwa mistari mipana ya manjano, inanata ukiigusa, imenasa vumbi, nyuzi, na mguu mmoja wa nzi. Ukitazama kupitia hapo, barabara nzima ilikuwa kama iko ndani ya supu.

"Mama, dirisha lina kamasi," Chiriku alisema.

"Si kamasi, ni gundi. Usiguse."

Akagusa.

Nilianza kwa kucha. Ukucha wa kwanza ulivunjika kabla sijapata sehemu ya ukubwa wa stempu. Nikachukua kitambaa kikavu, nikasugua kwa nguvu zangu zote, gundi ikajiviringisha kidogo halafu ikajipaka mbali zaidi, kana kwamba nimeiombea nafasi. Nikaenda jikoni nikarudi na ule waya wa kusugulia sufuria. Hapo nikasikia sauti kutoka nje.

"Wewe! Wewe dada! Shusha hiyo silaha!"

Alikuwa fundi wa vioo, anayepita mtaani na fremu yake ya mbao mgongoni na penseli nyuma ya sikio. Alisimama chini ya dirisha kama aliyemkuta mtu anampiga mtoto.

"Ukipitisha hiyo, gundi itatoka na kioo kitabaki na mikwaruzo mpaka mwisho wa dunia. Umefanyaje mpaka sasa?"

Nikamwambia. Akatikisa kichwa.

"Gundi usigombane nayo, ilainishe. Chukua maji ya moto kiasi mkono unavumilia, sabuni ya maji, kitambaa. Kiloweshe, kibandike juu ya gundi, kiache hapo kama unavyomkanda mgonjwa. Dakika kumi. Halafu kwangua na kitu cha plastiki, kimelala, kisisimame. Kioo kisikauke unapokwangua. Ikibaki ile ngumu, paka mafuta ya kupikia, yaache nusu saa yaingie, itatoka yenyewe. Na mafuta yakimaliza kazi, nayo uyaoshe. Kwa sabuni, mara mbili, halafu spiriti kidogo kwenye pamba. Watu wengi wanasahau hapo. Wanaona gundi imetoka, wanashangilia, wanaacha mafuta."

"Mimi sitasahau," nilisema.

"Wote wanasema hivyo," akasema, akaenda zake.

Kitu cha plastiki nilichokuwa nacho ni kitambulisho changu cha darasa la jioni, cha mwaka jana. Picha yangu iko pale, nimekaza macho kama mshtakiwa. Nikakikanda kioo cha kwanza, nikahesabu dakika kumi kwa saa ya ukutani, nikalaza kitambulisho, nikasukuma. Jamani! Gundi ilikunjamana mbele ya ile plastiki kama ngozi ya maziwa. Nilipiga kelele mpaka Chiriku akaja mbio kuona ni nini.

Basi tukapanga kazi. Mimi nakanda, nakwangua, nasuuza. Chiriku anapokea zile nyuzi za gundi kwenye bakuli la zamani, anazisokota vidonge, anavipa majina. Kulikuwa na Kidonge Baba, Kidonge Mama, na Kidonge Mwizi, sijui aliiba nini. Nilimpa na kitambaa chake chenye maji, akakanda miguu ya meza. Kona zilikuwa kazi. Pale selotepu ilipopishana juu ya selotepu nyingine, gundi ilikuwa imekauka kama kaharabu, na maji hayakuitisha. Hapo nikatia mafuta ya kupikia kwa kidole, nikayaacha, nikarudi baada ya nusu saa, ikateleza. Nikaosha kwa sabuni mara mbili, nikapiga spiriti, nikakausha kwa gazeti. Kioo cha kwanza kilipokamilika sikukiona. Nilinyoosha mkono kuhakikisha kipo.

Cha katikati chini nilikiacha cha mwisho makusudi. Nilitaka nikifanye nikiwa nimeshakuwa fundi. Na ndicho kilichokuwa na msalaba mnene kuliko vyote, maana mume wangu alikirudia mara mbili akijua ndicho kinachomchoma mama yake. Saa saba na nusu nikakwangua gundi laini yote, ikabaki ile ngumu, ule msalaba. Nikaupaka mafuta, na mafuta yakatiririka yakaenea kioo kizima. Nikatazama saa. Nusu saa tu, nikasema, halafu naosha, nina muda wa kutosha mpaka saa kumi.

Saa nane kamili nilikuwa nimesharudi na kitambulisho, msalaba unateleza kipande kimoja kimoja, nikasikia mlango wa gari.

"Bibi!" Chiriku akaruka.

Nilichungulia. Mume wangu alikuwa anamshika Mama mkono, Mama mwenyewe anashuka polepole, jicho la kulia limefunikwa kwa pamba nyeupe na ngao ya plastiki, kichwa amekiinua kama bibi harusi. Wifi nyuma na mfuko wa dawa. Wamemaliza mapema. Nikasukuma kipande cha mwisho cha gundi, nikachukua kitambaa kikavu kilichokuwa begani, nikafuta kioo juu chini, juu chini, nikatazama. Jua lilishavuka upande wa pili wa nyumba. Kwa mwanga ule kilionekana safi kama vingine. Nikaacha kila kitu na kukimbilia mlangoni.

Baada ya hapo ni kumlaza, kumpa uji, kusoma karatasi ya dawa, kumzuia asiiname, kumzuia asijikune, kumzuia asiamke kwenda kuangalia kama jikoni kumefagiliwa. Watoto wake humwita Mkaguzi akiwa hayupo, maana hata macho yalipomwishia alikuwa anakagua vumbi kwa vidole. Chiriku naye alikuwa anaenda na kurudi kati ya kitanda na dirisha, akimtangazia bibi yake habari za barabarani kama redio. Mafuta hayakunijia akilini hata kidogo.

Asubuhi ya kesho yake niliamka kabla ya wote. Nilimwosha Mama uso kwa pamba yenye maji yaliyochemshwa, nikikwepa jicho, nikamfunga khanga yake anayoipenda. Tukamwongoza mpaka kwenye kiti. Cherehani iko pembeni, imefunikwa. Mume wangu ndiye aliyekuwa atoe kitambaa, akanyoosha mikono, akairudisha, akainyoosha tena, mtu anayebeba pampu ya chuma begani kila siku.

"Toka," wifi akamwambia. "Utamng'oa na pua."

Akanawa, akaondoa ile ngao, akabandua utepe taratibu, akatoa pamba. Mama alikuwa amefumba macho yote mawili kwa nguvu, mpaka paji la uso limekunjana. Akafunika jicho la kushoto kwa kiganja chake, lile ambalo bado. Mimi nilisimama nyuma ya kiti, nimeshika mgongo wa kiti, Chiriku kanishika gauni.

Mama akafumbua.

Sikuona uso wake, niliona kisogo tu. Alikaa hivyo. Nikasubiri nisikie "Kinyozi." Barabarani mtu alipita akisukuma baiskeli. Jua lilikuwa limeanza kuingia dirishani, limetugonga usoni.

"Ukungu," Mama akasema.

Alishatuagiza tusimbembeleze.

"Ukungu uleule. Naona mwanga, naona kitu cha bluu, labda ni mlango. Herufi sioni." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, na hilo ndilo lililonivunja. Kama angelia ningejua la kufanya.

Mume wangu alitazama sakafu. Wifi alikuwa ameshika ile pamba kama kitu kilichokufa. Mimi nilifikiria ule mchoro kwenye daftari langu, lenzi nimeipaka rangi ya samawati, mishale nimeichora kwa rula. Miezi saba nimembishia mwanamke wa watu, mwanamke anayekaa na mwanangu kila jioni ili niende nikachore hiyo mishale. Nikajiona ninamsomea kibao kila asubuhi. Kinyozi wa kisasa, Mama. Nywele, ndevu, rangi, Mama. Nilijua nitafanya hivyo kweli, na nilijua haitatosha.

Mama akashusha pumzi. Halafu akaongeza, kwa ile sauti yake nyingine, ile ya kukuta sufuria chafu.

"Na huu mkono hapa kwenye kioo ni wa nani?"

"Mkono upi, Mama?" mume wangu akauliza. Nadhani aliogopa upasuaji umemgusa akili.

"Upi! Huu hapa. Wa mtoto. Vidole vitano vimeenea, na cha gumba kimeburuzwa kuja chini. Nimetoka nyumba hii siku moja tu. Siku moja! Dirisha limeshakuwa hivi?"

Mimi nilikuwa sioni mkono wowote. Nilipiga magoti pembeni ya kiti, nikaweka kichwa changu karibu na chake, kimo kilekile, nikatazama anapotazama. Na pale, jua likiwa limekipiga kioo kwa ubavu, nikaona. Kioo cha katikati chini, peke yake kati ya sita, kilikuwa kimejaa weupe mtupu, utando mzima unang'aa kama pumzi ya mtu kwenye baridi. Katikati yake, wazi kabisa mpaka mistari ya viungo, kiganja kidogo cha binti yangu, na gumba limeburuzwa kuja chini.

"Mafuta," nikasema.

"Nini?"

"Ni mafuta, Mama! Ya kupikia! Nilipaka kutoa gundi, mkaja mapema, sikuyaosha! Si jicho lako, ni kioo! Wewe unauona mkono, mimi sikuuona!"

Kisha Mama akageuza kichwa kidogo, bado ameziba jicho la kushoto.

"Mmelikaanga dirisha langu?"

Wifi ndiye aliyeanza kucheka, akakaa chini kwenye sakafu na pamba yake. Mume wangu alicheka akilia, au alilia akicheka, alikuwa amegeukia ukuta. Chiriku alidhani ameshtakiwa, akaanza kujitetea: hakugusa, alikuwa anamwonesha Bibi mbuzi, na mbuzi mwenyewe alikuwa anaondoka haraka.

"Mleteni huyo mtuhumiwa hapa," Mama akasema.

"Kwanza kioo," nikasema. "Funga jicho, Mama. Na tukusogeze nyuma, maji yasikurukie."

Sijawahi kuosha kitu kwa furaha namna ile. Nilileta beseni la maji ya vuguvugu na sabuni. Nikaosha mara ya kwanza, povu likawa zito na la kuteleza, nikalifuta. Nikaosha mara ya pili, nikasikia kioo kimeanza kulia chini ya kitambaa, kile kilio chembamba cha kioo kisicho na mafuta. Nikasuuza. Mume wangu akanipokeza chupa ya spiriti na pamba bila kuambiwa. Nikapitisha kila kona, wifi akapepea harufu isimfikie Mama, nikakausha kwa gazeti, nikatoka mbele ya dirisha.

Tukamrudisha mahali pake.

"Sawa," nikasema. "Sasa."

Akaziba la kushoto. Akafumbua la kulia. Mara hii nilisimama pembeni niuone uso. Midomo ilianza kutembea kabla ya sauti kutoka.

"Kinyozi wa kisasa," akasema. Akameza mate. "Nywele. Ndevu. Rangi." Akainamisha kichwa mbele kidogo, akakunja jicho, na wifi akanishika mkono kwa nguvu mpaka ukaniuma. "Watoto... wanaolia... waletwe mapema."

Hakuna aliyepiga makofi. Ilikuwa kama mtu amefungua tena mlango wa chumba tulichokuwa tunaishi humo zamani. Mume wangu alisema "Mama" mara moja tu, kisha akaenda jikoni, tukasikia anaosha vikombe ambavyo vilikuwa safi.

Ng'ambo ya barabara kinyozi mwenyewe alitoka kufungua duka. Akaona familia nzima imejipanga dirishani inamkodolea macho, akasita, akainua mkono kutusalimia.

"Na yule ni nani?" Mama akauliza.

"Ndiye kinyozi, Mama."

"Kinyozi? Mbona ana kipara?"

"Ana kipara miaka mitatu sasa," wifi akasema.

"Hapana!" Mama akacheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu nizae, kicheko cha tumboni. "Kinyozi ana kipara, na hakuna mtu aliyeniambia! Mnaniambia habari za serikali, mnaniambia habari za mvua, kipara cha kinyozi mnanificha!"

Tulimwomba asicheke sana, jicho bado bichi. Hakuweza kuacha.

Halafu akakigeuza kiti. Nilikuwa nimesahau kwamba kuna kitu kingine cha kuonekana zaidi ya kibao. Akamvuta Chiriku kati ya magoti yake, akamwinua kidevu, akamtazama. Chiriku akatabasamu kwa hofu ya mtuhumiwa.

"Kumbe una mwanya," Mama akamwambia polepole. "Miaka minne nakulea, sijui una mwanya. Kama wangu kabisa." Akampitishia kidole kwenye meno. "Na mwenyewe umekaa kimya, huku unasema mambo yote mengine."

"Nilisahau, Bibi," Chiriku akasema.

Mimi nilikuwa bado nimeshika gazeti lililolowa. Mama akaniinulia uso. Sikujua nifanye nini na uso wangu, nikauacha tu hapo. Alinitazama muda mrefu kuliko alivyotazama kibao.

"Na wewe," akasema, "mbona una mabaka meusi chini ya macho? Huwa unalala saa ngapi na hayo madaftari?"

"Nalala, Mama."

"Huongopi tena kwangu, mama Chiriku. Zamani ulikuwa unaweza." Akanishika mkono wenye gazeti. "Leo una darasa?"

"Leo nilisema nisiende. Tuko na wewe."

"Utaenda. Nitakaa na huyu mwenye mwanya, kama siku zote. Tena umwambie mwalimu wako aliyechora jicho..." Akatafuta maneno. "Mwambie kuna mama mmoja amesoma mpaka mstari wa chini."

Nilisema ndiyo, nikaanza kukusanya beseni, spiriti, vitambaa. Nilishafika mlangoni aliponiita.

"Mwanangu."

"Naam, Mama."

Alikuwa amegeukia tena dirisha, kiganja juu ya jicho la kushoto, kidole cha mkono mwingine kimenyooka.

"Kioo cha juu, upande wa kushoto. Kwenye kona kabisa."

"Kimefanyaje?"

"Gundi."

"Hakuna gundi hapo, Mama. Kona hiyo nimeirudia mara nne."

"Gundi," akasema Mkaguzi.

Niliweka beseni chini. Nilipanda stuli, nikanyoosha mkono, nikapitisha kidole kwenye kona. Kweli, ilikuwa inanata. Nikatoa kitambulisho changu mfukoni.